Tumeoa au Tumeolewa?

Mwaka 1815, wakuu wa Ulaya walipokuwa wamekaa Vienna wakigawana ardhi iliyoachwa na Napoleon, mji wa Cologne ulikabidhiwa kwa mfalme wa Prussia. Inasimuliwa kwamba habari hizo zilipofika kando ya mto Rhine, Abraham Schaaffhausen, mwenye benki, Mkatoliki na diwani wa mji huo, alitaja majina ya Yesu, Maria na Yosefu kwa mkupuo mmoja, kisha akasema kwa lahaja ya kwao maneno ambayo watu wa Cologne wanayarudia hadi leo huku wakicheka: kwamba sasa wameingia kwenye ukoo maskini kwa njia ya ndoa.

Nimeyazungusha maneno yake makusudi. Nilipojaribu kuyatafsiri kwa mara ya kwanza, nilikwama kwenye kitenzi. Mjerumani ana kitenzi kimoja cha ndoa, na bwana harusi anakitumia sawasawa na bibi harusi. Kiswahili hakikuachii nafasi hiyo. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Je, Schaaffhausen alisema "tumeoa kwenye ukoo maskini"? Hapo Cologne ni bwana tajiri aliyejishusha, akaenda kuposa kwenye nyumba isiyo na kitu. Au alisema "tumeolewa kwenye ukoo maskini"? Hapo Cologne ni binti wa watu, amelelewa vizuri, na sasa anapelekwa kwa mume asiye na cha kumtunzia.

Niliona ni tatizo dogo la tafsiri, la kumalizwa na kamusi kwa nusu saa. Nilipoendelea kusoma maisha ya mtu huyu, ya nyumba yake na ya mji wake, kitenzi kikakataa kuondoka kichwani. Ndoa zilikuwa kila mahali: za falme, za madhehebu, za mabinti, hatimaye ya benki yenyewe. Na kila mara swali lilikuwa lilelile: nani kaoa, na nani kaolewa?

*

Schaaffhausen alizaliwa mwaka 1756 katika mji uliojiona ni taifa. Cologne ulikuwa mji huru wa dola la kale la Kijerumani. Haukuwa na mwana mfalme juu yake, bali baraza lake lenyewe na Kaizari wa mbali. Utajiri wake ulitoka mtoni. Kwa haki iliyodumu karne nyingi, mashua iliyopita hapo na bidhaa ililazimika kushusha mzigo na kuuweka sokoni kwa siku tatu, ili wenyeji wachague kwanza. Hebu fikiria mji ambao kila mfanyabiashara anayepita lazima aufungulie mizigo yake: wakazi wake hawahitaji kwenda kutafuta dunia, dunia inapitishwa mlangoni kwao.

Ulikuwa pia mji wa Kikatoliki kupita kiasi. Makanisa na nyumba za watawa vilijaa ndani ya kuta zake. Mprotestanti aliweza kufanya biashara humo, lakini haki kamili za uraia hakupewa, wala hakuruhusiwa kuabudu hadharani. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa mwaka 1424, na kwa zaidi ya miaka 370 hawakuruhusiwa kuishi ndani ya mji. Katikati ya yote lilisimama kanisa kuu ambalo halikuwa limekamilika. Winchi ya zamani ya kupandishia mawe ilikuwa bado juu ya mnara uliokatika njiani, na watoto wa Cologne walikua wakidhani ni sehemu ya mnara.

Mwaka 1791, akiwa na miaka 35, Schaaffhausen alianzisha benki yake. Neno "benki" lisikupotoshe. Haikuwa jengo lenye madirisha na foleni. Benki za siku hizo kando ya Rhine zilichipuka kutoka kwenye biashara ya bidhaa na usafirishaji: mfanyabiashara anayejulikana kwa kulipa kwa wakati anaanza kupokea hati za madeni za wenzake, anazilipa kabla ya muda wake kwa kukata kitu kidogo, anawashikia fedha, anawakopesha. Mtaji wake mkubwa ni jina. Anayeleta amana haangalii kuta, anamwangalia mtu: anasali wapi, binti zake wameolewa na nani, baraza la mji linamheshimu kiasi gani. Ndiyo maana udiwani wa Schaaffhausen haukuwa jambo la pembeni ya benki. Kukaa kwenye baraza kulikuwa ni sehemu ya kuaminika, na kuaminika ndiko kulikuwa kazi yenyewe.

Tarehe 6 Oktoba 1794 jeshi la mapinduzi la Ufaransa liliingia Cologne. Funguo za mji zilitolewa bila mapigano. Kwa miaka 20 iliyofuata mji huru ukawa mji wa mpakani wa nchi nyingine. Chuo kikuu cha kale kilifungwa mwaka 1798. Mwaka huohuo Salomon Oppenheim, Myahudi mwenye benki kutoka Bonn, alihamia Cologne, jambo lisilowezekana miaka michache kabla. Waprotestanti wakapata haki zao. Mwaka 1802 nyumba za watawa zilifutwa, na mali zao zikachukuliwa na serikali, kisha kuuzwa hatua kwa hatua. Wenye fedha wa mji, Wakatoliki kwa Waprotestanti, walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Ilikuwa biashara nzuri kwa mkono na ngumu kwa dhamiri: Jumapili unapiga goti mbele ya altare, Jumatatu unanunua shamba lililokuwa la watawa.

Katika mji uliobadilishiwa sheria, fedha, dini na bwana ndani ya muda mfupi hivyo, Schaaffhausen alinusurika na akakua. Nyumba yake ilikuwa Trankgasse, mtaa ulio pembeni kabisa mwa kanisa kuu. Marafiki wa nyumba hiyo walikuwa watu kama Ferdinand Franz Wallraf, padri na msomi aliyekuwa akiokoa picha, sarafu na mawe ya Kirumi kutoka kwenye vifusi vya nyumba za watawa, na ambaye makusanyo yake baadaye yalikuwa chanzo cha jumba la makumbusho la mji. Mtu wa namna hii, aliyekwisha kuona dola mbili zikija na kuondoka, ndiye anayesimuliwa kuipokea dola ya tatu kwa mzaha.

*

Na mzaha ulikuwa na sababu. Prussia ya mwaka 1815 ilikuwa imeshinda vita ikiwa imechoka. Napoleon alikuwa ameikamua fidia, na vita vya kumwondoa vilikuwa vimeiachia madeni mazito. Mbele ya macho ya Cologne ilikuwa nchi ya wanajeshi, makarani na viazi, ya Kiprotestanti, na makao makuu yake Berlin yalikuwa mbali sana upande wa mashariki. Mfanyabiashara wa Rhine, aliyezoea soko la Ufaransa na sheria za Napoleon, aliona kwamba yeye ndiye anayekuja na mali kwenye ndoa hii.

Kwa maana hiyo "tumeoa" ina nguvu. Tajiri anajiona ndiye mwenye kuchagua. Lakini tazama kilichotokea baada ya harusi.

Tarehe 22 Mei 1815 mfalme Friedrich Wilhelm III aliwaahidi raia wake katiba. Katiba hiyo haikuja maisha yake yote. Cologne ilitaka chuo kikuu chake kirudi. Mwaka 1818 chuo kikapewa Bonn, mji mdogo jirani. Bunge la jimbo likakaa Düsseldorf. Mji wenyewe ukazungushiwa ngome mpya na kujazwa askari. Mwaka 1831 hata ile haki ya kale ya kushusha mizigo ilifutwa kwa mkataba wa mataifa ya Rhine. Nikiendelea na mfano wa Schaaffhausen, naweza kusema mahari iliahidiwa na haikufika, na bibi harusi alihamishiwa kwenye chumba chenye walinzi mlangoni.

Kitu kimoja Warhine walikipigania na hawakukubali kunyang'anywa: sheria za Napoleon. Berlin ilitaka kuwaletea sheria za Prussia, na wanasheria, wafanyabiashara na madiwani wa Rhine wakagoma. Kwao kitabu cha Mfaransa kilikuwa ngao. Kiliwapa usawa mbele ya sheria, mahakama za wazi na uhuru wa biashara. Walishinda; sheria hizo zilitumika upande wao wa mto hadi mwaka 1900. Wanahistoria wengi wanausifu ushindi huo kama hatua ya uhuru, na ulikuwa hivyo. Ila kuna kifungu ndani ya ngao hiyo ambacho nitakirudia baadaye, kwa sababu kilimwangukia mtu wa nyumbani mwa Schaaffhausen.

Mzaha wa ndoa ulikuwa na ukweli mwingine ambao yeye mwenyewe hakuishi kuuona. Alifariki mwaka 1824. Mwaka uliofuata mfalme aliamuru kwamba huko Rhine pia, katika ndoa za Wakatoliki na Waprotestanti, watoto wafuate dini ya baba. Maneno yenyewe yana sura ya usawa: baba ni baba, awe wa dhehebu lolote. Lakini waliokuwa wakihamia Rhine walikuwa maofisa na makarani wa Prussia, vijana wa kiume, wengi wao Waprotestanti, na waliowapata huko ni mabinti wa Kikatoliki. Prussia ilioa. Rhine iliolewa. Watoto wakawa wa baba.

Askofu mkuu wa Cologne, Clemens August Droste zu Vischering, alikataa kuruhusu ndoa hizo zibarikiwe bila ahadi kwamba watoto watalelewa katika Ukatoliki. Tarehe 20 Novemba 1837 serikali ilimkamata na kumpeleka Minden, mbali na jimbo lake. Ujerumani yote ya Kikatoliki ilitikisika. Ukisoma habari hizo kwa haraka utadhani ni ugomvi wa maaskofu na wafalme kuhusu mamlaka. Ukizisoma ukiwa na kitenzi cha Kiswahili mkononi, unaona mji mzima ukishtuka kugundua kwamba ulikuwa umekaa upande gani wa ndoa.

*

Mwaka 1816, mwaka mmoja baada ya mji kukabidhiwa Prussia, Schaaffhausen alimwoza binti yake mkubwa.

Sibylle alizaliwa mwaka 1797. Mama yake alifariki muda mfupi baada ya kumzaa. Baba alioa tena, nyumba ikajaa watoto wengine, na inaonekana msichana huyu alishikamana na baba na dunia ya baba. Alikuwa karibu na Wallraf na wenzake. Alijifunza kushika sarafu ya Kirumi na kuisoma, kutofautisha jiwe la thamani lililochongwa zamani na la kuigiza, kupiga piano vizuri kuliko ilivyotarajiwa kwa binti wa tajiri. Baba alimfundisha jicho. Alipofika miaka 19, baba huyohuyo alimpa Louis Mertens, mtu wa benki, aliyemzidi umri kwa takriban miaka 15.

Kwa mantiki ya benki uamuzi ulikuwa sahihi. Kama mtaji wako ni jina, unahitaji watu wa kulishika jina utakapokufa, na njia salama ya kumfunga mfanyakazi hodari ni kumfanya mkwe. Mfumo huo haukuishia kwa Mertens. Mwaka 1830, Schaaffhausen akiwa amekwisha kufariki, binti mwingine, Lilla, aliolewa na Wilhelm Ludwig Deichmann, na ni Deichmann aliyeiongoza benki hadi dhoruba ya 1848. Ukichora mchoro wa namna benki hii ilivyorithishwa, mistari yake inapita kwa mabinti, lakini funguo zinapokewa na waume.

Ndoa ya Sibylle haikuwa na furaha. Alizaa watoto sita. Aliugua maumivu ya kichwa yaliyomlaza siku nyingi. Na hapa ndipo kile kifungu kinaporudi. Chini ya sheria za Napoleon, mke alipaswa kumtii mume, na hakuweza kuingia mikataba wala kuuza mali bila idhini yake. Sheria ambayo wanaume wa Cologne waliililia kama ngao ya uhuru wao ilimweka binti wa tajiri wao chini ya saini ya mume. Sidhani kama waliona mgongano wowote. Walipozungumza habari za kuozwa bila kuulizwa, walikuwa wakizungumza habari za Vienna.

Sibylle aliishi pembeni ya ukuta huo kwa akili na ukaidi. Shambani kwake Plittersdorf, karibu na Bonn, alikusanya watu kama alivyokusanya sarafu. Mshairi Annette von Droste-Hülshoff alikaa hapo na kumuuguza alipokuwa mgonjwa. Adele Schopenhauer, dada wa mwanafalsafa Arthur, akawa mwenzi wa moyo wake kwa miaka mingi. Alipokuwa Genoa kipindupindu kilipozuka katikati ya miaka ya 1830, alibaki mjini akisaidia wagonjwa. Makusanyo yake ya sarafu na vito vya kale yalijulikana kwa wataalamu, na yeye mwenyewe alihesabiwa kati ya wajuzi wa mambo ya kale wakati ambapo chuo kikuu cha jirani hakikumruhusu mwanamke kukaa hata benchi la nyuma.

Mertens alifariki mwaka 1842. Kwa kawaida hadithi za namna hii huishia hapo, mjane akipata uhuru. Sheria ilikuwa na neno la mwisho: mali ya ndoa ilibidi igawanywe kati yake na watoto, na mgawanyo huo ukawa ugomvi wa miaka. Aliuza baadhi ya vitu alivyovikusanya. Adele alifariki Bonn mwaka 1849, na Sibylle ndiye aliyemsimamishia jiwe la kaburi, akaandika maneno yake kwa Kiitaliano. Yeye alifia Roma mwaka 1857 na kuzikwa huko, kwenye makaburi ya Wajerumani pembeni mwa Basilika ya Mtakatifu Petro.

Kiswahili, nilisema, hukulazimisha kuchagua kati ya kuoa na kuolewa. Nilisahau kitenzi cha tatu. Binti wa Schaaffhausen hakuolewa tu, aliozwa. Kuozwa kuna mtu wa tatu ndani yake, aliyeamua, ambaye si bwana harusi wala bibi harusi. Mwaka 1815 Cologne haikwenda kuposa, wala haikukubali posa. Iliozwa Vienna na watu ambao wengine hawakuwahi kuiona. Mzaha wa Schaaffhausen ulijificha kidogo hapo: ukisema "tumeoa", unajipa uamuzi ambao hukuwa nao. Na mwaka uliofuata alipata nafasi ya kuwa yeye mtu wa tatu.

*

Imebaki ndoa ya mwisho, ya benki.

Baada ya kifo cha mwanzilishi, benki ya Schaaffhausen ilipanda hadi kuwa miongoni mwa nguzo za uchumi wa Rhine. Miaka ya 1830 na 1840 viwanda vilikuwa vikizaliwa: chuma, nguo, mashine, reli. Vyote vilihitaji fedha nyingi na kwa muda mrefu. Wafanyabiashara wa Cologne waliiomba Berlin iwaruhusu kuanzisha benki za hisa, ambazo mtaji wake ungetoka kwa wengi. Berlin ilikataa tena na tena. Iliogopa makaratasi, ilimwogopa pia tajiri asiye na sura. Basi mzigo ukabaki kwenye mabega ya nyumba binafsi, na nyumba hii ilibeba kuliko uwezo wake.

Udhaifu wake ni rahisi kuueleza. Jirani kumi wanakuwekea fedha zao, kila mmoja akiwa na haki ya kuzidai wakati wowote. Wewe unazichukua na kumkopesha mtu anayejenga kiwanda, ambaye ataweza kukulipa baada ya miaka minane. Nyingine unanunulia viwanja. Huna hasara, kiwanda kipo, viwanja vipo. Unachokosa ni sarafu ya kumpa jirani siku atakapogonga mlango, na siku wakigonga wote kumi pamoja umekwisha, hata kama kwenye daftari wewe ni tajiri. Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Benki hii ilikuwa na daftari. Tatizo lilikuwa muda.

Februari 1848 mapinduzi yalizuka Paris. Machi yakafika Vienna na Berlin. Watu wakaanza kugonga milango. Mwishoni mwa Machi benki ya Schaaffhausen ilisimamisha malipo.

Hofu haikuwa ya matajiri peke yao. Viwanda vilivyoishi kwa mikopo ya nyumba hiyo vilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, na mishahara yao ya wiki ilitegemea mnyororo ulioanzia kwenye meza ile. Kufungwa kwake katika majira yale, mitaa ikiwa tayari imejaa watu wenye njaa na bendera, kungeweza kuwasha jimbo zima.

Na sasa tazama nani alikuwa Berlin. Tarehe 29 Machi 1848 mfalme, akiwa ameshtushwa na mapinduzi, alimteua waziri mkuu mpya: Ludolf Camphausen, mwenye benki wa Cologne. Wizara ya fedha ilikwenda kwa David Hansemann, mfanyabiashara wa Aachen. Wote wawili walikuwa Waprotestanti, watu ambao Cologne ya utoto wa Schaaffhausen isingewapa uraia kamili. Serikali yao iliamua kuiokoa nyumba ya Mkatoliki.

Uokozi ulifanywa hivi. Waliokuwa wanaidai benki hawakulipwa fedha taslimu. Madai yao yaligeuzwa kuwa hisa. Jirani kumi hawakupewa sarafu, walipewa umiliki wa kiwanda na viwanja, wakaambiwa wasubiri. Nani angekubali karatasi kama hiyo katika mwaka wa mapinduzi? Walikubali kwa sababu serikali ya Prussia ilidhamini sehemu ya hisa hizo na kuweka watu wa kuisimamia benki. Agosti 1848 ilizaliwa kampuni ya hisa iliyobeba jina la mwanzilishi, A. Schaaffhausen'scher Bankverein, na Gustav Mevissen akawa mmoja wa viongozi wake. Ndiyo inayohesabiwa kuwa benki ya kwanza ya hisa katika Prussia. Kitu ambacho makarani wa Berlin walikizuia kwa miaka walikiruhusu kwa wiki chache, moto ulipofika mlangoni.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ule ukoo maskini ndio uliomzalisha.

*

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tajiri akiwa ameumbuliwa na methali. Lakini naona Schaaffhausen hakukosea kwa kusema Prussia ni maskini. Mwaka 1848 Prussia haikuja na masanduku ya fedha. Hazina yake ilikuwa na matatizo yake. Ilikuja na kitu ambacho hakikuwemo kwenye hesabu za mfanyabiashara wa 1815: uwezo wa kuwaambia watu wasubiri, na wakasubiri. Mwenye benki binafsi anaweza kuwa na mali kuliko mfalme, lakini siku ya hofu neno lake linaisha pale jina lake linapoisha. Jina la Schaaffhausen lilidumu miaka 24 baada ya kifo chake, likabeba viwanda, reli na wakwe wawili, kisha likaishiwa pumzi ndani ya mwezi mmoja.

Na wokovu ulikuwa na bei. Kabla ya Machi 1848 nyumba ile ilikuwa ya ukoo. Mabinti waliozwa ili ibaki ya ukoo. Baada ya Agosti ilikuwa ya wenye hisa, chini ya jicho la serikali. Deichmann alibaki kama mmoja wa viongozi kwa miaka kumi, kisha akaondoka kwenda kuanzisha benki yake mwenyewe. Yote ambayo Sibylle aliozwa kwa ajili yake yalikuwa yamekwisha kutoka mikononi mwa familia, naye angali hai, mjane, akipima sarafu za Kirumi.

Benki iliendelea bila wao. Mwaka 1914 ilimezwa na Disconto-Gesellschaft ya Berlin, na mwaka 1929 zote zikaingia katika muungano mkubwa na Deutsche Bank. Hapo jina la mfanyabiashara wa Trankgasse lilikuwa limeandikwa juu ya milango ya benki kwa zaidi ya karne moja, muda mrefu zaidi ya ule ambao damu yake ilikaa nyuma ya milango hiyo. Kanisa kuu lililo jirani na nyumba yake nalo lilikamilika. Mfalme wa Kiprotestanti, Friedrich Wilhelm IV, aliweka jiwe la kuanzisha tena ujenzi mwaka 1842, miaka mitano baada ya askofu mkuu kukamatwa, na hazina ya Prussia ikachangia gharama. Mwaka 1880 minara ilifika juu.

Mzaha wa 1815 bado unasimuliwa Cologne, na bado unachekesha. Nimeamua namna ya kuutafsiri. Mdomoni mwa Schaaffhausen naacha "tumeoa", kwa kuwa ndivyo alivyojiona: mwanamume, diwani, mwenye fedha, mwenye kuchagua. "Tumeolewa" ningewapa mabinti wa mji waliobarikiwa, au kukataliwa baraka, pamoja na maofisa wa Prussia. Na kama kungekuwa na mtu wa kuukamilisha mzaha huo, natamani angekuwa Sibylle, miaka 18 wakati huo, amekaa pembeni ya meza ya baba yake. Angeweza kuusahihisha kwa neno moja, mwaka mmoja kabla halijamfika.